Pasipoti ikivuja haizoleki

Mwishoni mwa Julai 2025, Peter Kyle, Waziri wa Teknolojia wa Uingereza wakati huo, aliandika kwamba anayetaka Sheria ya Usalama Mtandaoni ifutwe yuko upande wa wanaowawinda watoto. Tarehe 25 mwezi huo, chini ya sheria hiyo, tovuti za ponografia zilikuwa zimeanza kulazimika kuhakiki umri wa wanaoziingia, na ombi la kuifuta sheria likapata saini zaidi ya 500,000. Watu wote hao ni wawindaji wa watoto?

Hoja ya serikali ni nzito, na sitaki kuibeza. Kubofya "nina miaka 18" hakujamzuia mtoto. Kampuni ziliachwa zijisimamie kwa miaka mingi, zikaangalia faida. Faini ya hadi pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima kwa kampuni inayoikiuka sheria, kutegemea ipi ni kubwa, haipuuziki. Mzazi ambaye mwanawe ameona mambo asiyopaswa kuyaona ana haki ya kutaka mlango ufungwe leo.

Lakini watetezi wa haki za kidijitali, Open Rights Group wakiwemo, hawakusimama kutetea ponografia. Waliuliza: picha ya kitambulisho ikishatumwa, inakaa kwa nani, na kwa muda gani?

Oktoba mwaka huohuo Discord, mtandao wa mazungumzo, ikatangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni ya nje iliyoshughulikia huduma kwa wateja. Kampuni hiyo ilikuwa ikizitumia kukagua rufaa za watumiaji kuhusu umri wao. Kwa mtandao wenye mamilioni ya watumiaji, 70,000 ni wachache. Hebu tazama ni akina nani, basi. Ni waliotii. Waliambiwa wathibitishe umri, wakapiga picha pasipoti au leseni ya udereva, wakatuma. Aliyetaka kukwepa alipakua VPN, programu inayoficha mtumiaji yuko nchi gani, na Julai ile programu hizo zilipanda hadi kileleni mwa orodha ya Apple nchini Uingereza. Hatari ikamwangukia mtiifu. Naye afanyeje? Neno la siri hubadilishwa kwa dakika moja. Uso na tarehe ya kuzaliwa ni vilevile mpaka kaburini.

Ofcom, msimamizi wa sheria hiyo, husema wanaohakiki umri wanabanwa pia na sheria za ulinzi wa data. Ni kweli, ila adhabu haimrudishii mtu siri yake.

Kufuta sheria yote kungewaacha watoto walikokuwa, na hapo siungani na waliotia saini. Ila zipo njia za kuhakiki zinazoiambia tovuti jambo moja tu, kwamba huyu amefikisha umri, bila jina wala picha. Ofcom inazikubali pochi za utambulisho wa kidijitali, yaani programu zinazohifadhi uthibitisho wa mtu na zinazoweza kufanya hivyo, lakini inakubali pia picha ya kitambulisho, na tovuti ndiyo inayochagua. Uchaguzi huo ndio wa kuondolewa mikononi mwa tovuti.