Kilindini: Nani Anaweza Kusimamisha Kreni?

Kibarua akiumia bandarini Kilindini, Mombasa, mabishano huwa yale yale. Kuna wanaosema alikuwa mzembe: alivua helmeti, alikatiza njia ya matrela, alisimama chini ya mzigo unaoning'inia. Wengine husema alisukumwa: meli ilikuwa na haraka, genge lilikuwa pungufu, zamu ilikuwa ndefu.

Hoja ya uzembe si ya kupuuzwa. Kwa joto la Mombasa, ndani ya tumbo la meli, helmeti huchemka kichwani, na mtu aliyeizoea kazi huacha kuiogopa. Hakuna sheria itakayosimama kando ya kila mmoja kumkumbusha.

Lakini kontena lililojazwa hadi kikomo lina uzito wa tani 30 hivi. Likianguka, helmeti haisaidii kitu. Kinachomwokoa mtu ni kutokuwa chini yake: njia ya miguu iliyotengwa na ya matrela, mpiga ishara anayeonekana na dereva wa kreni, waya na ndoano zilizokaguliwa. Haya yote yako mikononi mwa mwenye kazi. Hata uzito wenyewe kibarua hawezi kuujua kwa macho. Ndiyo maana tangu Julai 1, 2016 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka uzito wa kontena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini.

Wanaotetea kasi nao siwaoni kuwa walafi. Mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini hupitia hapa, na Dar es Salaam inaitaka. Meli zikihama, wa kwanza kukosa riziki ni huyo huyo kibarua wa Changamwe au Likoni.

Ninapotofautiana nao ni kwenye suala la nani ana uwezo wa kusema "simama". Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inakataza kumrudisha pale hatari ikiwa bado ipo. Mwenye ajira ya kudumu, na chama cha wafanyakazi nyuma yake, anaweza kuishika sheria hiyo. Aliyeitwa langoni alfajiri hawezi, kwa sababu anayepokea malalamiko yake ndiye atakayeita majina kesho. Basi hunyamaza. Silingi, kamba ya kunyanyulia mzigo, imekatika nyuzi mbili, forklifti imemkosa mtu kwa shubiri, na wote wanasema kuteleza si kuanguka, kazi iendelee. Daftari la ajali linabaki safi, na silingi ile ile inarudi kazini zamu ya usiku.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ajali iliyokosa kutokea ni onyo ambalo halijamgharimu mtu mguu, nasi tunalitupa. Mguu ukishakatika, WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, itapiga hesabu ya ulemavu kwa kipimo cha mapato ya miezi 96. Kwa mtu anayefanya kazi siku 3 wiki hii na asipate hata moja wiki ijayo, mapato hayo yatahesabiwaje?

Waajiri wana hofu moja ya kweli: kwamba ruhusa ya kusimamisha kazi itageuzwa mgomo baridi. Tangu migomo ya 1939 na 1947, wafanyakazi wa Mombasa wanajua nguvu ya kuweka mikono chini. Ila hofu hiyo ina dawa. Afisa wa usalama, asiye chini ya msimamizi wa meli, aitwe gatini papo hapo, akague na kuamua, na sababu iandikwe. Kamati ya usalama, ambayo sheria inaidai mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, iwe na kiti cha vibarua. Na aliyepaza sauti alipwe siku yake nzima, hata kama ukaguzi haukukuta kasoro, na jina lake lisikosekane kwenye orodha ya kesho.