Bando limeisha, programu imegoma

Jamani, hili linaniudhi kweli. Kompyuta nyingi ninazoziona steshenari za hapa Mtwara ni za mtumba, Windows 7 ya biti 32 (aina ya zamani; mpya ni za biti 64), na ndizo vijana wetu wanazojifunzia. Kijana wa Chikongola anataka kuijaribu Linux, mfumo endeshi mwingine, bila kufuta kitu, anaambiwa aweke VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Sawa. Anapakua toleo jipya, faili la zaidi ya MB 100 kwa bando la simu, anabofya, linakataa! Tangu toleo la 6.0, la Desemba 2018, VirtualBox haiwekwi tena kwenye mfumo wa biti 32. La mwisho kukubali ni 5.2. Wenye video za mafunzo hilo hawaligusi kabisa.

Haya, kapata 5.2. Linux ya biti 64 nayo haiwaki, maana VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mfumo ndani ya mfumo, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), na BIOS yenyewe ina nenosiri la mwenye mashine wa zamani, hajulikani aliko. Ikiwaka, RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 2 za kugawana mifumo miwili: kishale kinaganda katikati ya kioo, feni inalia.

Wekeni basi mstari mmoja mwanzoni mwa video: biti ngapi, RAM kiasi gani. Bando ni hela za watu.