Mazoezi kwa Ruhusa ya Bodaboda

Eti mimi sifanyi mazoezi! Nesi kanifungua mkanda wa presha, kakitazama kitambi changu kama kuli anayekadiria gunia, akasema: "Baba, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, hata za kutembea haraka haraka." Nikamuuliza zile za kuning'inia kwenye bomba la daladala kutoka Mbagala, pua ikiwa kwapani mwa mtu, zimo? Akaita, "Anayefuata!"

Haya. Mtu mzima na heshima zangu, nishindwe na miguu yangu mwenyewe? Jumamosi asubuhi nikavaa raba za mwanangu, nikatoka.

Sijafika hata kwa muuza chapati, bodaboda huyu hapa. "Mzee, twende?" Siendi. "Buku tu." Nafanya mazoezi, mwanangu. Akazima pikipiki, akawa anaisukuma pembeni yangu, uso umejaa huruma. "Mzee wangu, vyuma vimekaza, tunaelewa. Lete jero." Nikaongeza mwendo, si ndiyo dawa niliyoandikiwa? Naye akaongeza. Pale kijiweni wenzake wakasimama. "Mzee kapatwa na nini?" "Anasema mazoezi." Wakatazamana. Mmoja akaninong'oneza kama nyumbani kuna mgonjwa; mwingine keshashika daftari la michango. Yule wa kwanza akanishika mkono: "Panda, utanipa mwisho wa mwezi." Mbele ya mama lishe wote! Nikapanda. Akauliza wapi. Sasa mimi nilikuwa naenda wapi? Nikasema sokoni, na huko ikabidi ninunue vitumbua, maana mtu hashuki sokoni akaduwaa tu.

Na hata wangeniacha, ningepita wapi? Kando ya barabara kuna mitumba, palipobaki ni njia ya pikipiki, panapofuata ni mtaro usio na mfuniko. Wenye Coco Beach na Daraja la Tanzanite wakimbie, soksi zao zinalingana. Mwaka 2016 tulitangaziwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima. Kwetu Jumamosi ina misiba, vikoba na kufua! Mke wangu anahangaika tangu saa kumi na moja alfajiri, ndoo kichwani, mgongo unamlia, naye kaambiwa vilevile hafanyi mazoezi. Jamani!

Ndoo zenyewe ni kwa sababu bomba limekauka tena. Kijana wa mkokoteni kapandisha bei ya dumu. Namuuliza kulikoni, ananijibu mafuta yamepanda. Mafuta gani, nawe unasukuma kwa kifua?