Adamorobe: chifu alipoikataza ndoa ya viziwi

Mwaka 1975 chifu wa Adamorobe, kijiji cha Waakan huko mashariki mwa Ghana, alipiga marufuku ndoa kati ya kiziwi na kiziwi. Kijiji hicho kilijulikana kwa vizazi vingi kwa wingi wa viziwi wake. Mwaka 1961 walikadiriwa kufika asilimia 11 ya wakazi. Kufikia 2012 walikuwa kama asilimia 1. Ukizisoma tarakimu hizo harakaharaka utampongeza chifu. Mimi naziona zinadai kusomwa taratibu zaidi.

Chanzo cha uziwi huo kilichapishwa na watafiti mwaka 1998: badiliko moja dogo katika jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo GJB2, inayotengeneza protini ya koneksini 26. Protini hiyo hujenga vijilango baina ya seli za sikio la ndani, na humo potasiamu hupita ili sikio liwe tayari kupokea sauti inayofuata. Vijilango vikiharibika, usikivu hupotea. Mwili uliobaki ni mzima, akili ni timamu. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama, na uziwi wa Adamorobe huja pale tu zote mbili zinapokuwa na hitilafu. Mwenye nakala moja mbovu husikia vizuri, wala hajijui kuwa ni mbebaji.

Hapo ndipo hesabu ya chifu inapoanza kuyumba. Ni kweli kwamba viziwi wawili wenye badiliko hilohilo watazaa viziwi watupu. Hilo aliliona kwa macho yake, hata kabla maabara haijamwambia mtu. Lakini penye viziwi asilimia 11, kama watu wanaoana bila kuchaguana kwa usikivu, wabebaji wanaosikia hufika asilimia 44 hivi. Katika hali hiyo, kati ya watoto viziwi 100 ni 11 tu ambao wazazi wao wote wawili ni viziwi. Viziwi wakipendana wao kwa wao zaidi, idadi hiyo hupanda. Hata hivyo, milango mingine hubaki wazi. Wabebaji wawili wanaosikia wana uwezekano wa robo kwa kila mtoto, na sheria haikuwagusa. Kiziwi akioa mbebaji, ni nusu kwa nusu. Akioa asiye mbebaji, watoto wote watasikia, na wote watakuwa wabebaji. Jeni haikutoka kijijini, ilijificha tu. Isitoshe, Adamorobe ilipokea wahamiaji wengi, na wageni peke yao wanatosha kuipunguza asilimia hata bila marufuku yoyote.

Simwoni chifu kuwa mtu wa chuki. Kumlea mtoto kiziwi mahali pasipo na shule wala mkalimani hospitalini ni mzigo halisi, na mzazi anayetamani mwanawe asikie hastahili kusutwa. Elimu ya jeni pia huokoa. Lipo badiliko jingine, la urithi wa upande wa mama, ambalo humfanya mtu apoteze usikivu akidungwa jentamaisini, dawa ya kawaida kabisa katika hospitali zetu. Familia inayolijua mapema inaweza kuomba dawa nyingine. Hiyo ni faida isiyo na mjadala.

Ila marufuku ina bei yake, na aliyeilipa ni kiziwi peke yake. Mbebaji anayesikia alioa alipopenda. Kiziwi alinyimwa mwenzi ambaye angezungumza naye usiku kucha bila kutafuta maneno. Adamorobe ina lugha yake ya alama, iliyozaliwa palepale, ambayo hata wanaosikia huitumia shambani na nyumbani. Watoto viziwi wanapungua, na wanaobaki hujifunza shuleni Lugha ya Alama ya Ghana. Lugha ya babu zao inakonda.

Kwetu Afrika Mashariki sijasikia chifu aliyetoa amri hiyo, lakini bado kuna ndugu wanaowavunjia viziwi uchumba kwa hoja ileile: “mtazaa mabubu”. Hoja hiyo kwetu ni dhaifu kuliko ilivyokuwa Adamorobe. Jeni zinazoweza kuleta uziwi zinazidi 100, na kusini mwa Sahara, ukiziondoa nchi chache kama Ghana, hitilafu za GJB2 huonekana kwa nadra. Bwana na bibi viziwi wa Mombasa au Mwanza huenda kila mmoja ana jeni yake, au mmoja alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo utotoni. Wakitofautiana hivyo, kwa kawaida watoto wao husikia. Kipimo kinaweza kuwaonyesha, wakikitaka. Na kipimo kilichotengenezwa kwa kufuata mabadiliko ya jeni yanayopatikana kwa Wazungu hakiwafai, kwa sababu kinaweza kutoka safi na kuwaacha gizani. Wakipata jibu, kuoana au kutooana ni shauri lao wawili.