Wameiba picha ya mikono ya mama

Mteja alipiga simu saa mbili usiku, analia. Yuko Mwanza, na alikuwa ametuma shilingi 45,000 za chupa tatu za mafuta ya nywele. Siku ya tisa ile, mzigo haujafika, na akaunti aliyonunulia imemfungia. Dada yangu, ambaye ndiye anayetengeneza mafuta hayo, hakuwa amepokea hata senti yake. Alipotutumia picha ya ile akaunti tukaona: jina ni lile lile la mafuta ya dada, limeongezwa nukta moja tu. Na picha zote ni zetu, hadi ile ya mikono ya mama akikuna nazi kwenye mbuzi, pete yake ya fedha kidoleni. Niliipiga mwenyewe, uani kwetu Mbagala.

Feki ikitajwa watu huwaza simu, viatu, manukato, vitenge vya Vlisco. Wengi husema waziwazi: waache, hao wazungu wana hela. Mimi sikubaliani hata kidogo. Kampuni kubwa ina mawakili. Dada ana sufuria mbili, jiko la gesi na jina. Jina hilo amelijenga miaka sita, mteja mmoja mmoja, na likichafuka hana kitu kingine cha kuuza. Wiki ile ile walijitokeza wengine wanne waliotapeliwa, mmoja akamwandikia "mwizi wewe" mbele ya wateja wote.

Wengine wataniambia wateja wawe makini. Yule mama wa Mwanza alikuwa makini. Kabla ya kuthibitisha malipo simu ilimwonyesha jina la mwanamume, akadhani ni mume wa mwenye biashara. Nani kati yetu asingedhani hivyo, wakati nusu ya maduka ya mtandaoni hupokea pesa kwa laini ya mtu binafsi? Ndiyo maana sasa dada hapokei pesa ila kwa lipa namba yenye jina la biashara, na ameiweka juu kabisa kwenye ukurasa wake.

Kinachoniuma ni kwamba mzigo wa feki huangushwa siku zote kwa mtu wa mwisho. Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilipozima simu bandia, aliyenunua ndiye aliyebaki na simu isiyopiga wala kupokea. Aliyeziingiza nchini na kuziuza, faida yake alishaila. Leo hali ni ile ile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba ya tapeli ina mwenyewe. Namba hiyo tuliituma 15040, kunakoripotiwa utapeli wa simu. Kituoni tukaambiwa aliyetapeliwa ndiye aje kulalamika, naye yuko Mwanza.

Tena kuna jambo tulilojifunza tumeshachelewa, nalisema ili mwingine asichelewe. Dada ana cheti cha jina la biashara, amekiweka kwenye fremu ukutani. Aliamini kinamlinda. Lakini jina la biashara ni kitu kimoja na alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa, ni kingine. Alama husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa sheria yake, ya 1986, kulingana na aina ya bidhaa. Hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nayo ni ya Bara tu: ukitaka kulindwa Zanzibar, unasajili upya BPRA, wakala wa usajili wa huko. Mitandao mikubwa nayo, ukitaka huduma zake za kulinda chapa, hudai alama iliyosajiliwa. Fremu ya ukutani haitoshi.

Halafu kuna lebo. Mwezi uliopita nilikuta chupa ya "dada" kwenye saluni moja. Rangi ya kijani imefifia, neno asilia limeandikwa "asiria", na ndani mna kitu chepesi kama maji chenye harufu kali ya marashi. Mafuta yetu yakipoa huganda. Haya hayagandi. Nikajiuliza: nani aliyechapa lebo hii? Maana mkopi hawezi kuuza chupa tupu. Lazima apite kwa mtu mwenye mashine. Mimi ningeanzia hapo. Mchapaji aulize cheti cha alama kabla ya kuchapa lebo elfu moja, asipouliza awajibike pamoja na aliyemtuma. Na mtandao unaopokea pesa ya tangazo la tapeli uwajibike vivyo hivyo, kwa sababu nao umekula kwenye wizi huo.

Dada alimtumia yule mama chupa zake tatu kwa basi, bila malipo. Nilimwambia hatuwezi kufanya hivyo kwa kila aliyeibiwa, akanijibu anajua, ila huyu alilia kwenye simu yake.

Ile akaunti tumeiripoti mara kumi na moja. Jana imeposti tena, ofa ya wikiendi, chupa mbili kwa bei ya moja. Picha waliyotumia ni ya mikono ya mama.