Kila Kitu Ila Haja

Kwa kuwa swahiba wangu mmoja, ambaye alikuwepo na alicheka kuliko wote, ameshaieneza habari hii mpaka Pemba akidai kwamba nilimzawadia baba mkwe ngozi mbichi ya mbuzi iliyoandikwa matusi, naona bora niieleze mwenyewe kabla haijarudi na boti ikiwa imezidishwa chumvi. Haikuwa ngozi mbichi. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti, na maandishi hayakuwa matusi.

Mzee alikuwa amerudi kuhiji, nami nikataka kumpa pochi ya kutilia simu, miwani na tasbihi, iliyokatwa kwa leza na kushonwa kwa mkono wangu. Rafiki mwenye karakana huko Mwanakwerekwe aliniazima mashine yake ya leza, inayokata na kuchora kwa mwale wa mwanga unaounguza. (Mnaoniandikia kuuliza kama reksini, yaani ngozi bandia ya plastiki, inafaa: haifai hata kidogo, kwani plastiki yake ikiungua hutoa moshi wa sumu unaodhuru mapafu na kuitia kutu mashine.)

Ngozi ikikatwa kwa leza hutoa masizi, kwa hiyo mafundi huibandika karatasi ya gundi, na wengine huilaza kifudifudi ili uchafu ubaki upande wa ndani, jambo ambalo hulazimu mchoro nao ugeuzwe kama unavyoonekana kwenye kioo. Maelezo hayo niliyaelewa, tena niliyaelewa kupita kiasi, kwa sababu niligeuza kila kitu, pamoja na neno ALHAJI lililotakiwa kuchorwa mwanzo, ngozi ikiwa bado imelala uso juu. Nilipofungua kifuniko, karakana ilijaa harufu ya kongoro linalobabuliwa, na mimi, huku nikikohoa na kutokwa na machozi, nikabandika karatasi nyingine juu ya maandishi ili yasichafuke, bila ya kuyatazama.

Kisha nikashona kwa usiku tatu. Matundu yalikuwa 86, kila moja la milimita 1, na kila moja lilipitiwa na sindano mbili zenye uzi wa nta, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, ili uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili ushike. Mshono huo nisichekwe nao, tafadhali. Mshono ni mzuri.

Siku yenyewe, baada ya Alasiri, nilimkuta mzee barazani na wenzake, kahawa inazunguka na kashata ziko kwenye sahani. Nilimwamkia, akanipokea kwa "marahaba mwanangu", nikamkabidhi pochi kwa mikono miwili. Hapo ningekaa kitako ninywe kahawa, mambo yangekwisha. Lakini nilitaka watu waone. Nikamwomba ruhusa, nikashika ncha ya ile karatasi ya gundi na kuanza kuibandua taratibu, taratibu sana, kama mtu anayefunua kawa la biriani mbele ya wageni. Ikatoka A. Moyo ukatulia. Ikafuata herufi iliyofanana na J, nami nikadhani ni macho yangu. Nilikuwa nimeshikwa na kiburi, mkono ukaendelea kuvuta. H. A. Kisha kitu mfano wa L. Kisha I. Vikombe vikasimama hewani.

Sasa, msomaji wangu, chukua karatasi uandike neno hilo kwa herufi kubwa, kisha uliangalie kwenye kioo. A, H na I hazibadiliki, lakini L hugeuka J, na J ikafanana na L. Mzee alivaa miwani, akasogeza pochi mbali, akaisogeza karibu, akasoma kwa sauti:

"Ila… hja. Ila haja?" Akanitazama. "Yaani nitie kila kitu humu, ila haja?"

Mzee mmoja wa pembeni, mstaarabu kweli, akataka kunisitiri. "Labda kijana ameandika kwa kufuata msahafu. Anzeni kuliani."

Wakaanza kuliani. "Aj… hali. Ajali!"

Hapo ndipo swahiba wangu alipoanguka kutoka barazani, na upepo nao ukageuka, mtu wa nyumba ya pili akauliza ni nani anayebabua kongoro mchana wote huu.

Yaliyobaki ni machache. Nilijitolea kuichana, ila uzi ulikataa. Mama mkwe akaianika darini siku tatu kuitoa harufu. Mke wangu hajanisemesha sawasawa, kwa sababu kila akitaka kuzungumza anacheka. Mzee anaitumia. Jana kabla ya Magharibi, alipokuwa anaelekea chooni, alimwita mjukuu wake na kumkabidhi pochi.

"Nishikie," alimwambia. "Hii haiendi huko."