Mfanyakazi Anarisiti Masomo Saba ya Nini?

Kila Januari, Baraza la Mitihani likishatoa matokeo ya kidato cha nne, wahamasishaji wanaibuka. Sijui miezi mingine huwa wamejificha wapi. Suti ya kubana, maikrofoni shavuni, ukumbi wa kukodi, halafu: "Wote tuna saa 24! Tajiri ana saa 24, na wewe una saa 24! Umezifanyia nini?" Ukumbi unapiga makofi.

Mwaka huu video ya namna hiyo ilitumwa kwenye grupu letu la kazini, na aliyeituma ni bosi. Akaweka na neno lake: "Vijana jifunzeni." Huyu ni bosi ambaye duka lake halifungwi mpaka saa kumi na mbili jioni, na siku ya kupokea mzigo ndiyo usiulize kabisa.

Mwenzangu wa kaunta aliiangalia mpaka mwisho, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kuhesabu bawaba. Alikuwa amerisiti, yaani amerudia mtihani wa kidato cha nne, na matokeo yake yalikuwa yametoka siku zilezile. Fizikia, F. Tena.

Sasa naomba niseme, maana nimenyamaza vya kutosha. Huyu dada hakufeli kwa uvivu. Alifelishwa na ushauri.

Anachotaka ni diploma ya uuguzi. Fungua mwongozo wa udahili, sifa ya kuomba imeandikwa wazi: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kuanzia D. Hesabu na Kiingereza vinahesabiwa kuwa nyongeza nzuri, si sharti. Cheti chake cha kwanza kilikuwa na Kemia, kilikuwa na Baiolojia, kilikuwa na Kiswahili na Uraia. Kilichokosekana ni Fizikia peke yake. D moja. Alama 30.

Akasajili masomo saba.

Kwa nini saba? Kwa sababu mjomba alisema cheti kile ni cha aibu, lazima "kisafishwe". Shangazi akaunga mkono. Kituo cha tuisheni kikaunga mkono kwa furaha zaidi, maana kinalipisha kwa somo. Na usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, matokeo yakiwa bado ya moto na machozi hayajakauka, kwa hiyo mtu anajaza fomu kwa hasira. Ukimwuliza mwezi wa sita kwa nini anarisiti Jiografia, hana jibu.

Tuzihesabu hizo saa 24, kwa kuwa mhamasishaji hakuzihesabu. Anaishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, anafanya kazi Kariakoo, katikati ya jiji. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni anagombania daladala. Anarudi saa mbili usiku kama foleni imemhurumia. Kuna mtoto, kuna jiko, kuna ndoo za maji. Daftari linafunguliwa saa nne, na saa tano macho yanajifunga yenyewe. Hiyo ni saa moja. Jumamosi ni kazi kama kawaida, Jumapili ni kanisa na kufua. Tuseme ni mtu wa chuma, kwa wiki anapata saa sita za kitabu. Gawa kwa masomo saba. Fizikia inapata chini ya saa moja kwa wiki, tena ile ya mwisho ya siku, kichwa kikiwa kimejaa bei za misumari. Saa hizohizo sita zikienda zote kwenye Fizikia, kuanzia Februari hadi Novemba, tunaongea habari nyingine kabisa. Hapo una muda wa kurudia umeme, mwanga na nguvu mpaka vikukinaishe.

Hesabu hii haihitaji suti. Mfanyakazi hana moyo mdogo kuliko mwanafunzi wa bweni, ana saa chache, basi. Na mwenye saa chache akizitawanya ni kama kugawa kilo moja ya sukari kwa mtaa mzima: kila nyumba itaonja na hakuna itakayokunywa chai.

Matokeo ya kusafisha cheti? Uraia imepanda kutoka D hadi C. Hongera Uraia.

Kuna jambo jingine ambalo hawamwambii mtu aliyepata F. Kwa viwango vya sasa F ni kuanzia 0 hadi 29. Aliyepata 29 na aliyepata 4 wanaandikiwa herufi moja, na matokeo hayakwambii wewe ni yupi. Mmoja anahitaji swali moja zaidi, mwingine anahitaji kuanza na kitabu cha kidato cha kwanza. Kabla hujalia, kabla hujalipa tuisheni, kaa Jumapili moja na mtihani wa mwaka juzi, jipimie muda kwa saa ya simu, mpe mwalimu yeyote wa Fizikia mtaani akusahihishie kwa ukali. Hapo ndipo utajua umeangukia wapi. Pia kwenye tovuti ya Baraza kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure. Zinaeleza swali kwa swali watu walikosea wapi na kwa nini. Sijawahi kukutana na kituo cha tuisheni kinachowaambia wanafunzi wake kwamba zipo. Si ajabu, ukizisoma vizuri utagundua nusu ya "semina maalumu" unayolipia imo humo.

Haya, nakubali mawili matatu, shingo upande. Kama unataka kwenda kidato cha tano, unahitaji C tatu, na hapo huenda somo moja lisitoshe. Kama cheti kizima ni ziro, yaani umefeli kabisa, huna cha kuchagua, ingawa bado ningekushauri ukigawe kwa miaka miwili. Sifa ya kuomba si sifa ya kuchaguliwa, na vyuo vya serikali vina foleni ndefu kuliko ya Mbagala. Na ndiyo, mhamasishaji ana haki akisema simu inakula muda. Tamthilia za Kituruki zimekula usiku wa watu wengi, wengine nawafahamu. Lakini hata ukizima tamthilia zote za Uturuki, Chanika haitasogea karibu na Kariakoo.

Mimi ni wa mtihani wa 2012. Wenye umri wangu mnajua ninachosema. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu yetu tukaandikiwa ziro, nchi ikatikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Nililala ziro nikaamka na divisheni foo, daraja la nne, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa nyongeza. Baadaye ikaja GPA, yaani kupanga ufaulu kwa wastani wa alama, mwaka 2014, watu wakaanza kujifunza maana ya "distinksheni" na "meriti", na 2016 ikaondolewa tukarudi kwenye divisheni. Baba yangu mdogo, ambaye kwenye ile ziro alitangaza kwamba ukoo umeaibika, kwenye foo alichinja kuku. Mtoto alikuwa yuleyule, na majibu kwenye karatasi yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo mtu akinishikia cheti kama ndicho kipimo cha akili, huwa namwangalia tu. Mwaka ule nilikuwa na kazi tayari, nikarisiti nikiwa kazini, na ninachowaambia hapa sikukitoa kwenye video.

Turudi kwa mabosi, maana wao wanapenda sana kutuma video.

Mtihani ni Novemba, siku za kazi, saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Inaweka pia saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, ila hiyo naona Kariakoo haijafika, huenda imekwama foleni. Ruhusa ya mtihani kwa mfanyakazi wa duka binafsi haimo. Mtoto akiugua kuna ruhusa, ukifiwa kuna ruhusa, mtihani ni juu yako na huruma ya bosi. Ndiyo maana Novemba mabibi wanakufa sana hapa mjini. Kuna kijana wa stoo bibi yake amezikwa Masasi mwaka jana na mwaka juzi, na mwaka huu anaumwa tena. Tunamcheka, lakini mtu anayelazimika kumzika bibi aliye hai ili akafanye mtihani wa Baiolojia hatendewi haki, na hilo halichekeshi.

Mwaka jana mwenzangu hakuzika mtu. Aliomba ruhusa waziwazi mwanzoni mwa Novemba, akaambiwa huu si wakati, mzigo wa Krismasi unaingia. Akaruhusiwa kwenda kwenye mtihani na kurudi. Asubuhi ya Fizikia alitoka ukumbini akaja moja kwa moja kupakua mabati, jioni akarudi nyumbani kujiandaa na mtihani wa kesho yake. Masomo saba, kumbuka. Halafu Januari anatumiwa video ya saa 24, na mtu yuleyule aliyezichukua.

Kwa hiyo ukinipa nafasi moja ya kumshauri anayefanya kazi na matokeo yamemkata maini, sitamwambia akaze. Nitamwuliza: unataka kwenda wapi, na mlango wa huko unadai nini hasa? Kisha afute kwenye fomu kila somo ambalo mlango haulidai. Mjomba atanuna. Mwache anune, si yeye atakayepanda daladala ya alfajiri.

Mwenzangu amesajili Fizikia tu. Likizo yake ya mwaka ameiomba wiki hii, Februari, iangukie kwenye mtihani na wiki inayoutangulia. Kwa maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri anayo nyumbani. Bosi ameisoma, akaikunja, akasema tukumbushane Oktoba.